Kifungu cha 15 juu ya mnara

Mezani palikuwa na vizibo saba vya bia ya Simba, na mzee, jirani yangu aliyewahi kuongoza ndege, alikuwa akinisubiri niseme.

"Sema, mama. Batu beko juu, banakungojea."

Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Tulikaa lupangoni kwake, chini ya mwembe, tochi ya simu yangu imeegemezwa kwenye chupa tupu. Kila kizibo kilikuwa ndege. Hiki kinatoka Kinshasa, kipo futi 24,000, kinaanza kushuka. Hiki ni kidogo, kinatoka Kolwezi. Hiki kimevuka mpaka kutoka Ndola na kina haraka, mafuta yake si mengi. Viwili viko chini, vinaomba kuruka. Viwili vinapita tu, havina haja na sisi, lakini navyo vinataka nafasi yao.

Kazi yangu ilikuwa kukitaja kila kimoja, kukipa kimo chake, kukiambia kitangulie au kingoje. Kila mzee alipohesabu hadi kumi, alivisukuma vyote upana wa kidole kuelekea mstari wa chaki aliouchora katikati ya meza. Mstari ndio uwanja.

Raundi ya kwanza niliiweza. Ya pili pia. Ya tatu kichwa kikaanza kuvimba, maana riziki yangu ni hiyohiyo: napanga safari za malori ya shaba kutoka Kolwezi na Likasi hadi hapa Lubumbashi, kisha mpakani Kasumbalesa. Kuongea na watu wengi nisiowaona, kila mmoja na shida yake, nimezoea.

Raundi ya tano simu yake ikalia. Akanisukumia.

"Pokea. Ni mnara ya jirani."

Alikuwa binti yake, anauliza kama dawa za presha zimenunuliwa. Nikamjibu, nikakata, nikarudi mezani.

Kinshasa na Ndola walikuwa wamegusana.

"Ulisikia kitu?" akauliza.

Hapana.

"Ni vile. Kule kwa mnara haina kelele. Unasikia tu mutu ameacha kujibu."

## Sufuria za kilio

Nilikuwa nimeenda kurudisha sufuria tu.

Wiki iliyotangulia tulikuwa na kilio nyumbani, naye kama jirani akatuazima sufuria mbili kubwa za bukari. Nikazirudisha zimesuguliwa, akasema kaa kidogo, nikakaa, nikaanza kulalamikia kazi. Mwenzangu wa zamu aliondoka miezi kadhaa iliyopita. Hakuna aliyeshika nafasi yake. Simu zake mbili ziko kwangu, juu ya zile zangu. Usiku mmoja nilikuwa na malori kumi na moja barabarani, matatu yamekwama Kasumbalesa, moja limepasua gurudumu kabla ya Likasi, dereva mwingine hapatikani kabisa. Asubuhi yote yalikuwa yamefika. Bosi akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema mtazameni mama huyu, akanipa mfuko wa unga wa kilo 25.

Nikisema kweli, nusu ya hadithi hiyo ilikuwa malalamiko na nusu majivuno. Mzee alilisikia hilo kabla yangu. Hakujibu neno. Aliinama, akaanza kuokota vizibo ambavyo wajukuu wake huchezea.

Yeye aliongoza ndege miaka mingi, kwenye uwanja ambao ameniomba nisiutaje. Vizibo vilipogusana ndipo akanisimulia usiku wake. Ulikuwa msimu wa mvua. Zamu ilitakiwa kuwa ya watu wawili, mwenzake hakufika. Barabara ilikuwa maji matupu. Dhoruba ikaja kukaa juu ya njia ya kurukia. Ndege tano zikawa mikononi mwake kwa wakati mmoja, mojawapo haina mafuta ya kwenda kutafuta uwanja mwingine. Saa mbili nzima alisimama, hakukaa, hakunywa maji. Zote tano zikashuka salama.

Asubuhi mkubwa wake alipanda ngazi za mnara. Mtu ambaye hapandaki, anasema mzee. Alipanda ngazi zote ili ampe mkono.

Mwezi uliofuata orodha ya zamu ilibandikwa ukutani. Kwenye safu ya usiku, jina moja.

"Balinipigia makofi, mama. Kosa yangu ilikuwa kufaulu."

Ni wiki sita sasa tangu aseme hivyo, na kila nikipokea simu ya pili huku ya kwanza iko sikioni, naisikia.

## Picha

Nilidhani mwongoza ndege ni mtu anayetazama ndege.

Mzee alinicheka. Penye rada kuna angalau vidoa vinavyotembea kwenye kioo. Pasipo rada, na sehemu kubwa ya bara letu imefanya kazi hivyo kwa miongo mingi, haoni chochote hadi ndege iwe karibu ya kutosha kwa macho. Anachonacho ni sauti. Rubani anasema niko mahali fulani, kimo fulani, nitafika mbele saa fulani. Mwongoza ndege anaandika kwenye kijikaratasi kirefu, anakipanga mezani chini ya vingine, na kutokana na vijikaratasi hivyo anajenga kitu ambacho wote wa kazi hiyo wanakiita kwa neno moja: picha. Anawatenganisha kwa futi 1,000 za kimo, au kwa dakika 10 hadi 15 wakifuatana njia moja.

Vijikaratasi hubaki mezani. Picha iko kichwani mwake peke yake. Akienda haja, anakwenda nayo.

Ndiyo maana huwezi kumchukua mtu yeyote ukamweka hapo kesho. Marekani humpeleka mwanafunzi kwenye chuo chao kule Oklahoma City, kisha anatumwa kituoni kujifunza chini ya mwenyeji, na kwa kawaida ni miaka miwili mitatu kabla ya kuaminiwa peke yake. Na cheti anachopata ni cha kituo hicho. Ukimhamishia uwanja mwingine, lazima ajifunze upya njia zake, milima yake, tabia za upepo wake. Mimi mwenyewe kama ungenipeleka kupanga malori ya Matadi, ningekuwa mtoto mdogo.

Nilimuuliza kuhusu kamera. Nilikuwa nimesoma kwamba uwanja wa London City, tangu 2021, huongozwa na watu waliokaa Swanwick, kusini mwa Uingereza, wakitazama skrini. Akafikiri kidogo.

"Kamera inaongeza macho. Haiongezake kichwa."

Nikaacha habari ya kamera.

## Nilidhani ni mambo yetu

Kwa nini orodha ile ilibaki na jina moja? Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: ni Kongo. Sisi ni watoto wa kifungu cha 15, kile kifungu cha mzaha ambacho hakimo katika katiba yetu lakini kila Mkongo anakijua kuliko vingine vyote. Jitafutie. Fanya utakavyofanya, siku ipite.

Hata angani tunacho. Kuna masafa ya redio, 126.9, ambayo kwa miaka mingi marubani wanaovuka Afrika wamekuwa wakitakiwa kujitangaza wenyewe kwa wenyewe: mimi ni fulani, natoka huku, naelekea kule, kimo changu ni hiki. Ulianzisha utaratibu huo umoja wa mashirika ya ndege duniani, kwa sababu kuna sehemu ambako huwezi kutegemea kwamba aliye chini amekusikia. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kitandani. Kifungu cha 15, kwa Kiingereza safi cha marubani.

Kisha nikasoma kuhusu Burbank.

Burbank ni uwanja wa Los Angeles upande wa kaskazini, si kijiji. Tarehe 6 Oktoba 2025, wakati serikali ya Marekani imefungwa kwa kukosa bajeti na waongoza ndege wanafanya kazi bila mshahara, mnara wake ulibaki bila mtu kwa saa kadhaa, kutoka alasiri hadi usiku. Kituo kingine cha mbali kikachukua sehemu ya kazi. Waliokuwa chini, marubani wenye abiria, wakawa wanatangaziana wenyewe wanapotembea uwanjani.

Ni 126.9 ileile, na kuizunguka ni Hollywood.

Nikaendelea kuchimba, usiku baada ya usiku, simu za madereva zikinikatiza. Serikali yao imekiri upungufu wa waongoza ndege kama 3,000. Wengi wao hufanya siku sita kwa wiki, saa kumi kwa siku. Mwaka 2011, pale Washington kwenyewe, mtu mmoja aliyekuwa peke yake mnarani usiku wa manane alisinzia, na ndege mbili za abiria zikatua bila kuongozwa na mnara. Zilitua salama. Naona neno hilo linarudi kila mahali katika habari hizi: salama, salama.

Na shimo lenyewe lina umri mkubwa kuliko mimi. Agosti 1981 waongoza ndege wa Marekani waligoma. Rais Reagan akawapa saa 48, kisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Waliobaki, pamoja na wasimamizi na wanajeshi, wakaziba. Ndege zikaruka. Wapya wakaajiriwa kwa wingi ndani ya miaka michache, na kwa kuwa kazi hiyo huanzwa kabla ya miaka 31 na huachwa kwa lazima ukifika 56, walioingia pamoja wakaja kutoka pamoja. Katikati hapo kuna miaka ambayo chuo kilifungwa au kilipunguza wanafunzi: 2013 kwa kubana matumizi, 2020 kwa korona. Mtu ambaye hakufundishwa 2020 huwezi kumwona akikosekana 2020. Utamwona akikosekana miaka mitatu baadaye, usiku, wakati zamu inahitaji jina la pili.

Kwa hiyo si Kongo. Hilo lilinifariji kwa muda mfupi, kisha likanitia hofu. Mkubwa wetu anaweza kusema fedha hakuna. Wao wanazo.

## Siku ya 35

Hapa ndipo sentensi ya mzee, ile ya kosa la kufaulu, ilipoacha kuwa ya mzee.

Mwishoni mwa 2018 serikali ya Marekani ilifungwa vilevile, mabishano ya bajeti. Waongoza ndege walifika kazini siku zote hizo bila kulipwa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walikopa, wengine waliendesha teksi baada ya zamu. Ndege ziliruka, na kwa kuwa ziliruka, wanasiasa waliendelea kubishana.

Tarehe 25 Januari 2019, siku ya 35, waongoza ndege wapatao kumi tu, katika vituo viwili vya mashariki, hawakufika. Kumi, katika nchi yenye maelfu yao. Asubuhi ile ndege za kwenda LaGuardia, New York, zikazuiwa kuondoka zilikokuwa. Ucheleweshaji ukaenea. Alasiri ya siku hiyohiyo Rais Trump akatangaza kwamba serikali inafunguliwa.

Niliisoma mara tatu. Siku 34 za kuweza hazikuleta kitu. Asubuhi moja ya kutoweza ilimaliza kila kitu kabla ya jua kuzama.

Sisemi hao kumi walikuwa wamepanga. Mtu akikaa mwezi bila mshahara, kuugua hakuhitaji mpango. Ila nilijiuliza wale elfu kadhaa waliofika kila siku walikuwa wanafanya nini hasa. Walikuwa wanawalinda abiria, bila shaka. Na wakati huohuo walikuwa wanamlinda kila mtu aliyesababisha hali ile asiione.

## Simu ya Zurich

Lazima nijikatize hapa, kwa sababu nilifika mahali pa kuona upungufu wa watu kila palipo na ajali, na si kweli.

Ajali ya Washington ya tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, watu 67, ilinivuta sana. Ripoti ya kwanza ilisema idadi ya watu mnarani usiku ule haikuwa ya kawaida. Mtu mmoja alikuwa anaongoza helikopta na ndege pamoja. Basi, nikasema, ndiyo hiyo. Lakini wachunguzi waliendelea, wakaonyesha kwamba njia ya helikopta ilikuwa imechorwa karibu mno na njia ya kutua, kwa namna ambayo mahali fulani zingeweza kupishana kwa futi 75 tu. Ungeweza kuongeza watu mnarani, na njia ingebaki palepale. Nimeona niliseme hili, maana ukishapata ufunguo mmoja unataka kuujaribu kwenye kila mlango.

Ajali ambayo siwezi kuisoma bila kuona meza ya mzee ni ya zamani kidogo. Tarehe 1 Julai 2002, karibu na Überlingen, Ujerumani. Anga hiyo iliongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Zamu ya usiku ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alikwenda kupumzika, kama ilivyokuwa desturi usiku, desturi ambayo wakubwa waliijua na kuiacha kwa miaka. Aliyebaki alikuwa na vioo viwili, sehemu mbili tofauti. Usiku ule mafundi walikuwa wanatengeneza mitambo, kwa hiyo onyo la kioo cha rada halikuwepo na simu kuu zilikuwa zimezimwa. Ndege ya tatu, iliyochelewa, ikaja kutaka kutua Friedrichshafen. Akajaribu kupiga simu Friedrichshafen. Haikupita. Akajaribu tena.

Alipogeuka kwenye kioo kingine, ndege ya Kirusi iliyobeba watoto wa shule kutoka Ufa na ndege ya mizigo zilikuwa kimo kimoja, zinakutana. Akaiambia ya Kirusi ishuke. Mtambo wa kuepusha migongano ndani ya ndege hiyo ukasema panda. Ndani ya ile ya mizigo ukasema shuka. Marubani wa Kirusi wakamtii mtu. Yeye akarudi kwa ndege ya tatu, akiamini limekwisha. Waongoza ndege wa Karlsruhe, Ujerumani, walikuwa wameona kila kitu na walikuwa wanapiga simu Zurich kumwonya. Haikupita.

Watu 71.

Miezi 19 baadaye, baba aliyepoteza mke na watoto wawili katika ndege ile alisafiri hadi Uswisi, akamkuta mwongoza ndege huyo nyumbani kwake, akamuua mlangoni. Mwaka 2007 mahakama ikawatia hatiani wakubwa wanne wa kampuni iliyomwajiri. Orodha ya zamu ilikuwa mikononi mwa wakubwa miaka yote ile.

Nilimpelekea mzee habari hii, nikidhani ataisikia kwa mara ya kwanza. Aliijua tangu zamani. Wote wa kazi hiyo wanaijua, alisema, hufundishwa darasani. Akaniuliza kama najua usiku kabla ya ule, watu wangapi walikuwa macho kwenye chumba kile.

Sikuelewa swali.

"Mumoja," akasema. "Na ule wa mbele yake? Mumoja. Hakuna mwenye aliandika juu yao gazeti."

## Nilipenda

Kwa wiki mbili nilikuwa na hasira naye, na sikujua kwa nini.

Nadhani ni kwa sababu maneno yake yalinifanya niwe mshiriki. Kama kufaulu ndiko kulikoficha pengo, basi na mimi na malori yangu kumi na moja nimekuwa pazia. Nikarudi kumuuliza swali ambalo nilidhani litamshinda. Usiku ule, ungefanyaje? Ndege tano juu, moja haina mafuta. Ungekataa? Ungevua vipokea sauti ukashuka ngazi ili wakubwa wajifunze?

"Usiku hapana. Usiku unashusha batu."

Basi?

"Ya kukataa ni siku ya karatasi. Siku banabandika orodha na jina moja."

Na ulikataa?

Akanyamaza kwa muda. Akaniambia kwanza habari ya minerval, ada ya shule, ya watoto watano, ambayo kila mzazi wa mji huu anaielewa bila kuelezwa. Mwenye kukataa zamu angeitwa mvivu, na walikuwepo wa kungojea nafasi yake, hata kama hawakuwa na mafunzo. Nilidhani ameishia hapo. Kisha akatazama mkono wake, akasema kitu ambacho hakikuwa rahisi kwake.

"Na tena, mama, nilipenda."

Alipenda kuwa yule mtu. Alipenda marubani waliosikia sauti yake wakaacha kuuliza maswali. Alipenda kuteremka alfajiri, macho mekundu, na walinzi wa getini wakimsalimia kwa namna tofauti na walivyowasalimia wengine. Kama wangemletea mwenzake, alisema, angefurahi kwa mdomo.

Sikumjibu, maana mfuko ule wa unga nilikuwa nimeshaula wote, na sombe, na kila mgeni aliyekuja mezani nilimwambia umetoka wapi.

Kuna tofauti, najua. Lori likiharibika linasimama pembeni, dereva anakata matawi anayatandaza barabarani nyuma yake, analala chini ya kivuli hadi kesho. Ndege haina pembeni. Ndiyo maana kazi yao, kwa karatasi, imejengwa juu ya kukataa: mnara ukizidiwa unasema nipeni ndege chache, na zile nyingine zinabaki chini zilikotoka. Novemba 2025 Wamarekani walifanya hivyo kwa amri, wakapunguza safari katika viwanja 40 vikubwa, wakianza na asilimia 4. Abiria walikasirika kweli. Nimewahi kuwa abiria huyo, hapa Luano, uwanja wetu wa ndege, nimesimama kaunta nikimpigia kelele kijana wa watu kwa ajili ya saa tatu za kuchelewa. Sijui sababu ya kuchelewa siku ile, na sikuuliza. Nilitaka tu mtu aniambie kwamba wanaweza.

Naona ndiyo sababu kukataa kwa karatasi hakufiki mnarani. Huku chini hakuna anayempigia makofi mtu aliyesema leo nitapokea watatu tu.

## Mwezi uliopita uliweza

Jumatatu iliyopita niliingia kwa bosi.

Nilikuwa nimeandika kwenye daftari ili nisitetemeke: usiku, peke yangu, malori saba. Likizidi la saba, liondoke asubuhi, au aletwe mtu wa pili. Si milele, hadi apatikane. Niliacha simu zote nne mezani kwake ili mikono iwe mitupu. Nikamsomea.

Si mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Nikaona anahesabu: malori manne kulala Likasi, mteja wa Kasumbalesa, siku moja ya kuchelewa mpakani. Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

"Lakini mama," akasema, kwa upole kabisa, "mwezi uliopita kumi na moja uliweza."

"Niliweza, ndiyo."

"Basi?"

Simu ya Kasumbalesa ikaanza kulia katikati yetu. Ilizunguka kidogo juu ya kioo cha meza, kama simu zinavyofanya zikitetemeka. Sikunyoosha mkono. Naye hakunyoosha. Tukabaki tunaitazama.